Siku filimbi ilipogoma

Jumamosi moja asubuhi, mechi ni saa kumi jioni, nikatoa filimbi niijaribu kama kawaida yangu. Mi ni refa wa mchangani hapa Morogoro, sio wale wa ligi mnaowaona kwenye TV, ni wale wa jezi nyeusi iliyopauka wanaozomewa kuanzia dakika ya kwanza. Nikapuliza, ikatoka pfff. Nikajua imeingia mchanga, nikaigonga gonga kiganjani, nikapuliza tena, pfff, na safari hii nikaisikia hewa yenyewe inachomokea kona ya kushoto ya mdomo kama tairi lenye pancha. Nikaenda kusukutua, maji yote yakashukia kifuani. Ndo nikaenda kwenye kioo.

Aisee. Upande wa kulia ni mimi, upande wa kushoto ni mtu mwingine kabisa. Shavu limelala, mdomo umevutwa kulia, jicho la kushoto liko wazi tu linanitazama na ukiliambia lifumbe linageuka juu linabaki jeupe. Nikijaribu kucheka upande mmoja unacheka, wa pili uko msibani. Mke wangu alipoingia akaangusha beseni.

Sasa hapo nyumbani kila mtu akawa daktari. Mke wangu anasema kiharusi. Jirani anasema ni upepo, mana Alhamisi nilitoka Iringa na basi na nilikaa dirishani njia nzima. Mama mkwe akapiga simu, yeye hakutaka maelezo mengi, akasema "mwanangu, wewe wiki iliyopita si umewanyima watu penati?" Na kweli niliwanyima. Basi nikachuliwa mafuta ya nyonyo Jumamosi nzima na nusu ya Jumapili, uso unang'aa kama sufuria mpya ila hauchezi, na jicho limeanza kuwasha kwa vumbi kwasababu halifumbi. Jumapili jioni nikasema basi, twendeni hospitali.

Tukamkuta daktari binti mdogo, nadhani alikua intani, amechoka, chai yake imepoa mezani. Kitu cha kwanza hakunishika hata, akasema tu "baba, pandisha nyusi zako juu kama umeshangaa". Nikapandisha. Akaangalia, akashusha pumzi, akasema "afadhali". Nikamwambia dokta afadhali gani, sura yenyewe hii? Akanipa kioo cha mke wangu nijitazame. Paji la uso upande wa kulia limejikunja mistari mitatu, la kushoto limenyooka kama limepigwa pasi.

Ikabidi anieleze, na mimi ndo nataka niwaeleze nyie mana hili jambo kila mtaa lipo na watu wanalihangaikia vibaya. Misuli ya paji la uso inapata amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Ya chini, mashavu na mdomo, inategemea zaidi upande mmoja tu wa ubongo, ule wa kinyume chake. Sasa chukulia nyumba yenye umeme wa gridi na sola. Kiharusi cha ubongo kwa kawaida kinakata gridi, mdomo unazima lakini paji linabaki linawaka kwa sola, mtu mdomo umepinda ila nyusi zote mbili zinapanda. Kwangu mimi nyusi nayo imekufa, maana yake tatizo haliko kwenye chanzo, liko hapa chini kwenye waya wa mwisho unaoingia ndani ya nyumba, na huo ukikatika uwe na gridi uwe na sola, giza. Huo waya ndo neva ya saba, neva yaani mshipa wa fahamu. (Msijipime wenyewe kwa kioo halafu mkalala jamani. Mdomo ukipinda ni hospitali, na ukiambatana na mkono kukosa nguvu au ulimi mzito ni hospitali saa hiyo hiyo, sio kesho.)

Nikadhani tumemaliza nipewe dawa. Kumbe. Akasema "neva ya saba ina ndugu, lazima nihakikishe ndugu wote wazima, mana wakiumwa wawili watatu kwa pamoja hiyo ni habari nyingine". Akatoa tochi, kipande cha pamba, sabuni ya kunawia, na kile kichuma cha uma kinacholia ngiiing, na kwa dakika kama kumi hivi akanipitia kichwa kizima. Mi sijawahi kujua kama kichwa kina vitu hivyo. Nilirudi nyumbani nikawa nasoma usiku na jicho moja limebandikwa plasta.

Ni kwamba neva nyingi za mwili zinachomoka kwenye uti wa mgongo, lakini kuna jozi 12 ambazo zinatoka kwenye ubongo wenyewe na kupita kwenye matundu ya fuvu, ndo zinaitwa neva za fuvu. Zinahesabiwa kutoka mbele kwenda nyuma. Galeni yule tabibu wa zamani wa Wagiriki na Warumi alihesabu 7 tu, hii hesabu ya 12 tunayotumia imetoka kwa Mjerumani anaitwa Samuel Thomas Sömmerring mwaka 1778. Na hata hiyo ina ujanja ndani yake, ya 11 mizizi yake inaanzia shingoni, inapanda kuingia kwenye fuvu halafu inatoka tena, kama mtu anayeingia ofisini kusaini tu.

Ya kwanza ni ya harufu. Alinifumbisha macho (moja, la pili alilishika kwa kidole) akaninusisha ile sabuni pua moja moja. Nyuzi zake ni nyembamba sana na zinapenya kwenye mfupa wenye vitundu kama chekecheke pale juu ya pua, kwahiyo mtu akianguka na bodaboda akapiga kisogo au paji, ubongo ukitikisika zile nyuzi zinaweza kukatika pale pale, jeraha linapona ila hasikii tena harufu ya chakula. Vaeni kofia.

Ya pili kuona. Hiyo mnaijua. Ila niliposoma kwamba hii ndo gongo yenye methanoli inayoiua, ndo mana watu wanaokunywa ile pombe mbovu na wakanusurika wengine wanaamka vipofu, nikamkumbuka mzee mmoja wa kwetu ambae tuliambiwa tu "alilogewa kilabuni". Na wagonjwa wa TB wanaotumia ethambutoli wanaambiwa wakiona rangi zinabadilika, nyekundu na kijani hazieleweki, wawahi kusema. Ni hii hii.

Halafu ya tatu, ya nne na ya sita zote kazi yake ni kuzungusha jicho, akanichorea herufi H hewani kwa kidole nikaifuata. Neva tatu kwa ajili ya kugeuza macho! Ya sita inavuta jicho kwenda nje, basi, msuli mmoja. Ya nne nayo msuli mmoja, lakini huo msuli umepita kwenye kigegedu kama kamba inavyopita kwenye roda, na neva yenyewe ndo nyembamba kuliko zote na ndo pekee inayotokea nyuma ya shina la ubongo, inazunguka mpaka ije mbele. Ikiumia mtu anaona vitu viwili viwili akishuka ngazi. Zilizobaki zote ni za neva ya tatu, pamoja na kuinua kope na kubana mboni ukimulikwa tochi. Na hapo kwenye tochi kuna kitu, ukimulika jicho moja mboni zote mbili zinabana. Habari inaingia kwa neva ya pili ya jicho moja, amri inatoka kwa ya tatu za macho yote. Niliirudia nyumbani kwa mtoto wangu mpaka mama yake akaninyang'anya simu.

Sasa ya tano ndo ilinichanganya. Akachukua pamba akanigusa paji, shavu, kidevu, kulia na kushoto, "unasikia?" Nasikia. Kote sawa sawa! Mi nilijua uso ukipooza unakufa ganzi. Kumbe kuhisi ni ya tano, kuchezesha ni ya saba, wapangaji wawili tofauti ndani ya nyumba moja. Ya tano ndo inayouma jino likiuma, ndo fundi wa meno anaichoma sindano ya ganzi mpaka unatoka pale unang'ata mdomo wako bila kujua, ndo inayowaka ukila pilipili mbuzi mana ule ukali sio ladha ni maumivu, na ndo inayopeleka taarifa ya kitunguu machoni. Pia inatafuna, akanishika mataya akaniambia ng'ata.

Halafu akafanya kitu ambacho mpaka leo nawasimulia watu. Akachukua uzi wa pamba akaugusisha kwenye jicho langu la kushoto, lile bovu. Nikahisi kabisa, linakera. Lakini la kushoto halikufumba, likafumba la kulia! Kwasababu ya tano ya kushoto imepeleka taarifa vizuri tu kwenye ubongo, ubongo ukatuma amri "fumbeni wote" kwa neva ya saba zote mbili, ya kulia ikatii, ya kushoto simu haipatikani. Dokta mwenyewe akacheka. Mi nilitamani kulia, ila na lenyewe lilikua na utata, machozi yalikua yanamwagika tu upande ule bila sababu, kope limelegea halisukumi machozi kwenye mfereji wake.

Ya saba basi. Inatoka kwenye shina la ubongo, inaingia ndani ya mfupa nyuma ya sikio ikiwa imeongozana na ya nane, inapita kwenye kahandaki kembamba ndani ya mfupa ambako mahali penye kubana zaidi hapafiki milimita moja, inatokea chini ya sikio, inapenya kwenye tezi ya mate iliyo mbele ya sikio bila hata kuihudumia, halafu inachanua matawi matano usoni kama vidole. Shida yote iko mle kwenye handaki. Kitu kingine kikivimba mwilini kina pa kwenda, hii ikivimba imezungukwa na mfupa, ni kama kidole kimevimba na pete iko ndani, inajikaba yenyewe. Kwanini inavimba? Wanaoshukiwa zaidi ni virusi vile vya malengelenge ya mdomoni, ambavyo wengi wetu tunavyo vimelala tu miaka na miaka halafu siku moja vinaamka. Wakikosa sababu nyingine yoyote wanauita ugonjwa wa Bell, kwa jina la Mskoti Charles Bell aliyeielezea kazi ya neva hii mwaka 1821. Upepo wa dirisha la basi haukuwemo kwenye maelezo ya dokta, penati pia haikuwemo.

Na sasa mambo yangu mengine ya wiki ile yakaanza kueleweka moja moja. Tangu Ijumaa bodaboda zilikua zinanipasua sikio la kushoto, nikawa nagombana na watoto kwa kelele ambazo kumbe hawapigi. Ndani ya sikio kuna kimfupa kinaitwa kikuku, kidogo kuliko mifupa yote mwilini, na kuna msuli, mdogo kuliko yote inayoshika mifupa, kazi yake kukishika kile kimfupa kisitikisike sana sauti ikiwa kubwa. Huo msuli bosi wake ni neva ya saba. Na wali ulikua na ladha ya bati upande mmoja, mke wangu akachukia mana alihisi namsingizia sufuria. Ladha ya theluthi mbili za mbele za ulimi inapita humo humo kwenye neva ya saba, theluthi ya nyuma ni ya tisa. Yaani neva moja imebeba kucheka, kulia, kuonja, na kupunguza sauti, na handaki lake halifiki milimita. Aliyepanga hiyo njia alibana matumizi.

Ya nane ni kusikia na kujisimamia usianguke. Uma ukalia ngiiing, nikasikia. Hii wazee wanaijua bila kujua wanaijua, muulize mtu yeyote aliyemezeshwa kwinini za malaria zamani atakuambia masikio yalivuma siku nzima, marehemu baba alikua anasema "kuna kengele ya kanisa imeingia kichwani". Ile ni kwinini inachezea mambo ya sikio la ndani. Ikiisha mwilini kawaida inatulia, lakini sindano kama streptomaisini na jentamaisini zikizidi zinaweza kuua usikivu moja kwa moja.

Akasema "panua mdomo sema aaa", akaangalia kimeo kinavyopanda. Hapo ndo ya tisa na ya kumi. Kimeo kikipanda katikati, salama, kikivutwa upande kuna neva imelala. Nikakumbuka tulivyokua wadogo mtoto akikohoa sana anapelekwa kwa mzee akakatwe kimeo kwa kisu, na wengine walitoka damu balaa. Kinakohoesha nini sasa kile, kimesimama pale maskini kinafanya kazi yake.

Ya kumi mi ndo nimeipenda kuliko zote, samahani ya saba. Jina lake la Kilatini, vagasi, maana yake mzururaji. Zingine zote zinaishia kichwani, shingoni na mabegani, hii inashuka, inapita kooni, kifuani, inagusa moyo, mapafu, tumbo, inafika mpaka kwenye utumbo mpana. Unajua ukijisafisha sikio kwa pamba unaanza kukohoa ghafla? Sio wote, ila wapo, na kama we ni mmoja wao basi hapo umegusa katawi kadogo ka ya kumi kanakokuja mpaka kwenye tundu la sikio, ubongo unadhani ni koo limekereketwa. Mtu anaeona sindano akadondoka, ni ya kumi imepunguza mapigo ya moyo kupita kiasi. Na tawi lake la sauti upande wa kushoto linashuka kifuani, linazunguka mshipa mkubwa wa damu wa moyo, halafu linapanda tena kwenda kwenye koromeo ambalo lilikua limelipita njiani! Kwa twiga hiyo safari ya kwenda na kurudi ni zaidi ya mita nne. Mnyama wetu wa taifa huyo, pale Mikumi anatafuna majani yake hana habari.

Kuna kisa chake pia. Mwanasayansi Otto Loewi, alikua Graz kule Austria, alitaka kujua neva inaongea na moyo kwa umeme au kwa kitu kingine. Akaota usiku jinsi ya kujaribu, akaamka akaandika kwenye karatasi, asubuhi hawezi kusoma mwandiko wake mwenyewe (madaktari!). Usiku uliofuata, kama saa tisa, ndoto ikarudi, safari hii hakuandika, akaamka akaenda maabara. Mioyo miwili ya chura. Wa kwanza akaushtua neva yake ya kumi, ukapunguza mapigo. Akachukua maji yaliyokua ndani ya moyo huo akayaweka kwa wa pili ambao haukuguswa neva yoyote, na wenyewe ukapunguza. Kwahiyo neva inamwaga kemikali, ndo lugha yake. Hiyo aliichapisha 1921, Nobeli ikaja 1936 akagawana na Henry Dale.

Mbili za mwisho ni fupi. Ya 11, akanikandamiza mabega akaniambia yapandishe, ile neva ya "we mi sijui bwana". Ya 12, toa ulimi, ukinyooka sawa, ukilalia upande mmoja basi upande huo ndo dhaifu. Wangu ulinyooka. Ndugu kumi na moja wazima, mmoja ndo mgonjwa.

Akachungulia sikio kama kuna vipele vya mkanda wa jeshi, mana huo nao unaingia kwenye neva hii na unakua mkali zaidi, akapima sukari kwasababu wenye kisukari wanapatwa zaidi, akaniuliza na kipimo cha VVU nikapima. Nikapewa prednisoloni, dawa ya kushusha uvimbe, na hapa ndo nilipolaumiwa kidogo, mana dawa hii inafaa ianze ndani ya saa 72 tangu uso ulale na mimi karibu nusu ya muda huo nimeutumia kwa mafuta ya nyonyo. Wengi wanapona hata bila dawa, ila dawa inaongeza idadi ya wanaopona kabisa. La muhimu kuliko yote akasema ni jicho, matone mchana, mafuta ya jicho na plasta usiku, miwani barabarani, kwasababu jicho lisilofumba likikauka linapata kidonda na hapo unaweza ukapona uso ukapoteza kuona.

Wengi wanaanza kurudi ndani ya wiki tatu. Mi nikawa kundi la wachelewaji. Wiki ya nne hamna kitu, mama mkwe ameshapata mtu wa Kilosa wa kunizindua, wiki ya sita asubuhi moja kona ya mdomo ikacheza kidogo kama samaki ameuma ndoano. Neva inaota polepole, kama milimita moja kwa siku, na ikiota baada ya kuumia sana sio kila uzi unarudi kwenye nyumba yake. Wengine wanaingia kwa jirani. Kuna watu ule wa mate unapotea njia unaingia kwenye tezi ya machozi, wakila wanalia jicho moja.

Mimi ule wa mdomo umeingia kwenye jicho. Mwezi wa tano nikarudi uwanjani, filimbi ikalia vizuri tu, lakini kila nikibana midomo kupuliza, jicho la kushoto linafumba lenyewe. Mechi ya kwanza dakika ya ishirini napuliza faulo, kapteni akanijia mbio, "refa, mbona unamkonyeza namba tisa wao?" Nikamwambia hapana kapteni, hiyo ni neva ya saba. Akasema yeye huyo Neva wala hamjui anacheza timu gani, anachotaka ni penati yake.